Kwa nini tunageuka na kilele tunakiona

Sisi ni waongozaji wa wapandaji wa milima ya volkano, na swali tunaloulizwa kuliko yote baada ya safari ni hili: "Kilele kilikuwa pale pale, mbona mlitugeuza sote?" Linatuuma, kwa sababu mtu amejifua kwa miezi na ameamka usiku wa manane kwa ajili ya siku hiyo. Anastahili jibu kamili.

Milima mingi ya volkano husimama peke yake. Upepo wenye unyevu ukiufikia mlima wa aina hiyo hulazimika kupanda, ukipanda unapoa, na unyevu wake hugeuka wingu. Ndiyo maana alfajiri mnaziona nyota zote, halafu saa 5 asubuhi huyaoni mabuti yako mwenyewe. Joto nalo hushuka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, na hapo upepo bado hujauhesabu.

Chini ya miguu kuna majivu na changarawe. Unapanda hatua moja, unarudi nusu. Jua likiwaka, hilo ni la kuchosha tu. Ukungu ukishuka ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa changarawe haitunzi njia: nyayo za waliopita jana zimeshafukiwa, na kwenye ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkano lililo kileleni, vijia hufanana, kimoja kikienda kambini na kingine kikiishia kwenye genge.

Lakini tunachokiogopa zaidi ni mvua ya baridi ikiandamana na upepo. Si lazima maji yagande ndipo mtu aumizwe na baridi; nguo zilizolowa zinatosha. Na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Kuna mteja wetu aliyekuwa akiwachekesha wenzake njia nzima, kisha akanyamaza. Tulipomwuliza akasema yuko sawa. Tukamwomba afunge zipu ya koti: vidole vilikuwa vinapapasa kifua kama si vyake. Tukamwambia agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, akashindwa. Tulimvua shati la pamba lililolowa, tukamvisha kavu, tukampa chai yenye sukari nyingi, tukashuka. Wote kumi na mmoja.

Hapo ndipo malalamiko huanzia: kwa nini wote, wakati mgonjwa ni mmoja? Kwa sababu mgonjwa hashuki peke yake, hushuka na mwongozaji. Kama juu atabaki mwongozaji mmoja na watu wanane ndani ya ukungu, hakuna tena wa kukaa nyuma. Zamani tuliwahi kukubali kundi ligawanyike. Wawili wenye kasi walitangulia "kidogo tu", ukungu ukaingia kati yetu, na tukatumia saa tatu tukipuliza filimbi na kusikiliza. Walipatikana wazima, upande ambao hatukuwadhania. Kosa lilikuwa letu, na tangu siku ile anayetembea taratibu kuliko wote huwekwa wa pili, nyuma ya kiongozi, ili mwendo wake uwe mwendo wa kundi. Saa ya kugeuka tunaitaja jioni ya kuamkia safari, kila mtu akiwa mkavu na ameshiba, kwa maana juu kule hakuna anayeamua vizuri.

Jambo moja zaidi, kwa wanaotuona tunawaharakisha kupiga picha. Tarehe 27 Septemba 2014, mlima Ontake wa Japani ulilipuka karibu na saa 6 mchana, wapandaji wakiwa wengi kileleni. Kiwango cha tahadhari kilikuwa cha chini kabisa. Watu 63 walikufa au hawakupatikana. Kwa hiyo katika mlima ulio hai kofia ngumu haivuliwi, hatukai ukingoni kwa muda mrefu, na hatupumziki kwenye mabonde madogo yaliyofungika, ambako gesi nzito hutuama pasipo upepo.

Ukituandikia kuomba nafasi, tutakuuliza maswali mengi: unatembea kwa muda gani bila kupumzika, una tatizo la pumu au moyo, glovu zako za akiba ziko wapi. Tafadhali jibu kwa ukweli, hata kama unahisi jibu litakunyima nafasi. Mara nyingi halimnyimi mtu. Linatuonyesha tu tumweke kundi gani, na tubebe nini kwa ajili yake.