Mizani za chai zipangwe kabla ya kufika Rungwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mizani za kidijitali zinazopimia majani mabichi ya chai huko Rungwe, ambazo baadhi yake huletwa kwangu Mwanjelwa kila msimu wa mvua zikiwa zimegoma kuwaka, au zinawaka lakini kilo za wakulima hazimo.

Karani wa kituo hulaumiwa, na umeme hulaumiwa zaidi. Ni kweli radi za Tukuyu hazina adabu, lakini ndani ya mizani hizo mna kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo wa Linux na kuhifadhi data kwenye chipu ya eMMC, ambayo kwa kawaida chembe yake moja ya kumbukumbu hubeba biti (yaani 0 au 1) mbili au zaidi za kurasa tofauti, yaani mafungu ya data yanayoandikwa kwa pamoja. Umeme ukikatika wakati ukurasa mmoja unaandikwa, mwenzake uliokwisha kuandikwa na kuthibitishwa huweza kuharibika nao.

Kinga imo ndani ya chipu yenyewe, katika rejista (nafasi ya kuwekea mipangilio ya chipu) ya 167 iitwayo WR_REL_SET: biti ya eneo la data ikiwekwa 1, chipu hulinda yaliyokwisha kuandikwa hata umeme ukikatika. Hupangwa kwa programu ya mmc-utils, ambayo kwa alama ya -n hujaribu tu na kwa -y hupanga kweli, ikiwa rejista ya 166 inaruhusu. Tatizo ni kwamba hupangwa mara moja tu katika uhai wa chipu, kisha kifaa huzimwa kabisa na kuwashwa ndipo mpangilio ushike. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa kabla mfumo haujapakiwa. Mizani iliyotoka kiwandani mipangilio ikiwa imekwisha kufungwa bila kinga hiyo, sina la kuifanya ila kubadilisha chipu, na kuing'oa si kazi ya kila kibanda cha fundi.

Muuzaji mmoja aliniambia kuwa ulinzi huo hupunguza kasi. Huenda, lakini mizani inayoandika mstari mmoja kila gunia linapopandishwa ina haraka gani?

Naviomba vyama vya wakulima vinavyoagiza mizani viweke sharti la kinga hiyo kuwashwa kiwandani katika mkataba wa ununuzi, na mzigo ukifika vimruhusu fundi asome rejista hizo, mizani moja baada ya nyingine, kabla ya malipo ya mwisho.

Fundi wa vifaa vya kielektroniki,
Mwanjelwa, Mbeya