Barua ya malalamiko: Niliagiza mandolini ya oktava, mmeniletea buzuki

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: ALA ILIYOLETWA KINYUME NA MAELEZO YA TANGAZO LENU

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua kupitia tovuti yenu ala ya muziki ya nyuzi mliyoitangaza kuwa ni mandolini ya oktava "inayofaa kwa mpigaji wa kujiburudisha", ya bei ya chini kuliko zote katika orodha yenu ya ala za jamii hiyo. Mzigo ulifika salama, boksi halikuwa hata na mkunjo, kwa hiyo msafirishaji hahusiki na haya ninayoyaandika. Ninacholalamikia ni kile kilichokuwa ndani ya boksi, yaani buzuki, ala ya jamii hiyo hiyo lakini yenye shingo ndefu zaidi, na zaidi ya hapo, majibu niliyopewa na wahudumu wenu nilipouliza.

Naomba nieleze kwanza nilikuwa natafuta nini, maana mhudumu wenu mmoja aliandika kama vile sikujua ninachokitaka. Napiga mandolini ndogo, ile ya kawaida, na naipenda. Tatizo lake ni kwamba ina sauti ya juu, nyembamba na kali, na ukitaka kujipigia huku unaimba, inakuzidi kelele. Mandolini ya oktava ina jozi zile zile nne za nyuzi, za noti G, D, A na E, ila zimeshushwa oktava nzima, yaani noti ni zile zile lakini kwa sauti nzito zaidi. Vidole vinakwenda kule kule vilikozoea, lakini sauti inashuka na kukaa karibu na sauti ya mtu anayeimba. Kwa mtu anayepiga jioni akishamaliza kazi zake, asiye na jukwaa wala bendi, hiyo ndiyo raha yenyewe. Niliifikiria pia gitaa la tenori lililotuniwa G, D, A, E, ambalo ni chaguo zuri kwa mwenye mfuko mwembamba, nikaliacha kwa sababu lina nyuzi nne tu zisizo na pacha, na mimi nilitaka ule mlio wa nyuzi mbili mbili.

Kwa hiyo nilijua nanunua ala rahisi, na nilijua urahisi huo unatoka wapi. Uso, yaani ubao wa mbele, wa plaiwudi badala ya ubao mzima, sawa. Uso uliolala bapa badala ya uliochongwa kwa mkono ukapata tumbo, sawa kabisa, na tena wako wapigaji wanaoupenda mlio wa uso bapa. Hakuna urembo wa lulumizi shingoni, rangi imepakwa harakaharaka, kichwa hakina nakshi: yote hayo niliyaona kwenye picha zenu na sikuyadai. Anayepiga nyumbani hayamdhuru. Lakini viko vitu ambavyo bei haitakiwi kuvigusa, kwa sababu vikikosewa ala haipigiki, hata kwa kujiburudisha. Shingo iwe imenyooka na iweze kubeba mvuto wa nyuzi nane, ambao kwa pamoja hufika kilo 70 hadi 90 kutegemea unene wa nyuzi. Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ziwe zimekaa sawa. Vikazio vya kichwani, vya kukazia nyuzi, vishike. Na kabla ya hayo yote, urefu wa uzi unaolia, yaani kutoka kile kipande chenye mifereji kilicho chini ya kichwa hadi kwenye daraja, kile kipande cha usoni kinachobeba nyuzi, uwe ni urefu wa ala iliyotajwa.

Urefu huo haukuandikwa popote kwenye tangazo lenu. Mliandika uzito, mkaandika rangi, mkaandika kwamba kuna mfuko wa bure wa kubebea. Ndiyo maana niliwauliza kabla ya kulipa. Jibu nililopewa, na ninalo bado kwenye simu, linasema: "Urefu ni wa kawaida." Ndugu Meneja, muuza viatu hawezi kumwambia mteja kuwa saizi ni ya kawaida. Mandolini ndogo ina uzi wa milimita 350 hivi. Mandolini za oktava nyingi ziko kati ya milimita 500 na 580. Buzuki, lile lililotoka Ugiriki likaingia katika muziki wa Ireland miaka ya 1960, kwa kawaida huanzia milimita 610 na kwenda hadi 690. Zote tatu zina jozi nne, zote zinaweza kutuniwa G, D, A, E, na kwenye picha ndogo ya simu hutaweza kuzitofautisha. Kinachozitenganisha ni namba hiyo moja ambayo hamkuiandika.

Nilipoifungua ala yenu niliona shingo imekuwa ndefu mno, nikachukua tepu. Kutoka kwenye kipande cha mifereji hadi freti ya 12 ni milimita 330. Freti ya 12 hukaa nusu ya safari ya uzi, kwa hiyo urefu wote ni milimita 660. Hilo ni buzuki. Kama kuna mwenye shaka, aangalie nyuzi zilizofungwa kutoka kiwandani: jozi ya G na jozi ya D kila moja ina uzi mmoja mnene na mwingine mwembamba uliotuniwa oktava juu yake. Wapigaji wengi wa buzuki hufunga hivyo. Mandolini ya oktava kwa kawaida hufungwa nyuzi pacha za unene mmoja katika kila jozi. Fundi aliyeifunga ala hii alijua anafunga buzuki. Aliyeandika tangazo ndiye aliyeibadilisha jina.

Huenda mtu wa ofisini akaona milimita mia si kitu. Kwa mkono wa kushoto ni kila kitu. Katika ala iliyotuniwa kwa nafasi ya noti tano tano, kila uzi una freti nyingi za kufikia kabla hujahamia uzi wa pili, tofauti na gitaa. Chukua mwendo wa kawaida tu, kidole cha kwanza kwenye freti ya 2 na kidole kidogo kwenye freti ya 7. Kwenye mandolini ndogo, umbali kati ya freti hizo ni milimita 78 hivi. Kwenye ala ya milimita 530, ni milimita 118 hivi, mkono unatanuka lakini unazoea. Kwenye hii mliyoniletea ni milimita 147, karibu sentimita 15, na kidole kidogo hakifiki bila kuuhamisha mkono mzima. Wapiga buzuki wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao husindikiza kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zenye nyuzi wazi, zisizobonyezwa, na hupiga mistari kwa mtindo wao. Ni ala nzuri sana kwa anayeitaka. Mimi sikuitaka, sikuiagiza na sikuilipia.

Mhudumu wa kwanza aliniambia buzuki na mandolini ya oktava ni kitu kimoja. Nakubali kwamba majina yanaingiliana: Uingereza na Ireland wako wanaoiita mandolini ya oktava kwa jina la mandola ya oktava, na wako watengenezaji wanaoupa urefu mmoja majina mawili. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuuandika urefu. Jina likiwa na utata, namba ndiyo inayomwokoa mnunuzi, na mimi niliiomba namba nikanyimwa.

Mhudumu wa pili alikuwa na adabu zaidi, akanishauri niweke kapo, kibanio cha shingoni kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Namshukuru kwa kujaribu, lakini hebu tuupige ushauri huo hesabu. Kapo kwenye freti ya 4 inaufanya uzi uwe na milimita 524, vizuri. Lakini kila uzi pia umepanda nusu-sauti nne. Ili nipate G yangu pale kwenye kapo, lazima uzi wazi niulegeze hadi E-bemoli, yaani nusu-sauti nne chini ya G, na nyuzi mlizofunga zikilegezwa hivyo zinalala kama zimechoka na kugonga freti. Nitahitaji seti ya nyuzi nene zaidi, mifereji ya kupitishia nyuzi ipanuliwe, na kapo yenye nguvu ya kuzibana nyuzi nane za unene tofauti kwa usawa. Yaani ninunue kapo, ninunue nyuzi na nimlipe fundi, ili ala yenu ifanane na ile mliyosema mmeniuzia.

Kasoro nyingine nazitaja kwa ufupi. Freti ya 8 imeinuka upande wa nyuzi nyembamba. Nimeweka kipande kifupi cha rula juu ya freti ya 7, 8 na 9 kikawa kinayumba huku na huku, na ukibonyeza freti ya 7 kwenye jozi ya A, badala ya E safi unatoka mkwaruzo. Kikazio kimoja cha jozi ya G kinateleza: unatuni, unapiga wimbo mmoja, uzi umeshuka. Daraja nalo lilikuwa limekaa pasipo pake, kila noti ya freti ya 12 ikawa juu kuliko inavyotakiwa. Hili la daraja siwadai. Daraja la aina hii halikugundishwa, linashikiliwa na mvuto wa nyuzi tu, na kusogea njiani ni jambo la kawaida. Nimelirudisha mwenyewe kwa msaada wa programu ya kutunia kwenye simu. Ingekuwa vizuri kama mngeweka ndani ya boksi karatasi moja ya kumweleza mnunuzi jinsi ya kulipima, maana asiyejua atadhani amenunua ala mbovu na kuitupa uvunguni.

Sasa nije kwenye lililonikera kuliko freti na kikazio. Nilipowaandikia kuhusu kasoro hizi, nilijibiwa kwa maneno mawili: "Rahisi ghali." Baada ya hapo nikatumiwa picha ya ala nyingine yenye bei mara kadhaa ya hii. Sijawahi kuona kampuni inamtumia mteja methali dhidi ya bidhaa yake yenyewe. Kama mnaamini ala hii haifai, kwa nini mnaiuza? Na kama mnaamini inafaa, kwa nini nikizungumzia freti iliyoinuka mnanijibu kwa habari za bei? Kusawazisha freti moja kwa tupa ni kazi ndogo kwa fundi aliye na dakika chache kabla boksi halijafungwa. Bei ya chini ilinipa haki ya kupata mbao za kawaida. Haikuwapa ninyi haki ya kuniletea ala nyingine.

Kuhusu kurudisha, nimeambiwa masharti yenu hayaruhusu, kwa kuwa ala "imeshafungwa nyuzi na kutumika". Nyuzi zilifungwa na ninyi. Zilikuja juu ya ala, ncha zake bado zikiwa na vishina vya rangi vya kiwandani, na hizo hizo ndizo zilizopo mpaka sasa. Kutumika kwenyewe ni kule kuipiga kiasi cha kugundua kwamba siyo. Sijui mteja anatakiwa aigundue vipi kasoro ya ala ya muziki bila kuigusa. Isitoshe, suala hapa si kwamba nimebadili mawazo baada ya kununua. Nimeletewa kitu tofauti na kilichotangazwa, na masharti yenu wenyewe yanasema katika hali hiyo gharama za kurudisha ni juu ya muuzaji.

Ninachoomba ni hiki. Mnibadilishie ala hii kwa mandolini ya oktava yenye urefu wa uzi kati ya milimita 530 na 560, ya bei hii hii, ikiwa imekaguliwa freti na vikazio kabla ya kutumwa. Sihitaji iliyo nzuri zaidi. Kama hamnayo ya urefu huo kwa bei hii, nirudishiwe pesa zangu zote pamoja na za usafirishaji, nami nitajua pa kutafuta. Mkinipa punguzo la manunuzi yajayo badala ya hayo sitalipokea, kwa sababu sina mpango wa manunuzi yajayo hadi hili liishe.

Na tangazo lirekebishwe. Mwandike urefu wa uzi kwa milimita, mwandike nyuzi zilizofungwa ni pacha au ni za oktava, na ala hii muiite buzuki. Wako watu wanaotafuta buzuki rahisi la kujifunzia ambao wangelifurahia hili freti yake ikishasawazishwa, na hawalioni kwa sababu limejificha chini ya jina lisilo lake.

Nimeambatanisha picha za tepu ikiwa kwenye freti ya 12, za rula juu ya freti ya 8, na za mazungumzo yangu na wahudumu wenu, pamoja na lile jibu la urefu wa kawaida. Ala nimeirudisha kwenye boksi lake, nyuzi nimezilegeza kidogo kwa ajili ya safari na daraja nimeliwekea kitambaa chini lisikwaruze uso. Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likitaja tarehe ambayo msafirishaji wenu atakuja kuuchukua mzigo.

Wenu katika biashara,

Mteja wenu