Yah: Malalamiko kuhusu safari yetu ya Mumbai na madai ya kurejeshewa fedha

Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hapo ofisini hamjambo. Sisi tumerudi salama, ila si kwa juhudi zenu.

Vocha yenu ilitaja hoteli iliyo mtaa wa Colaba, hatua chache kutoka lango la Gateway of India. Hoteli ipo, sikatai. Tulifika saa saba na nusu usiku, mimi na mama yangu. Kijana wa mapokezi alifungua pasipoti zetu, akazitazama, kisha akazisukuma kwetu kwa ncha ya kalamu. Wageni wa nje hatuchukui, akasema. Hoteli haijasajiliwa kupeleka Fomu C, ile ya taarifa za mgeni wa nje, kwa watu wa uhamiaji, hivyo hairuhusiwi kumlaza mwenye pasipoti ya kigeni. Hayo siwafundishi. Ninyi ndio mnaouza India.

Nikapiga namba yenu ya dharura. Dar ilikuwa saa tano tu usiku, lakini mfanyakazi wenu alinijibu kwa sauti ya usingizi: "Sasa dada, mimi nifanyeje? Piga kesho ofisi ikifunguliwa."

Naomba, kwa heshima, mturejeshee gharama za hoteli hiyo.

Kuhusu ratiba: mlituandikia mapango ya kisiwa cha Elephanta siku ya Jumatatu. Mapango hayo hufungwa kila Jumatatu. Tulilijua hilo pale kwenye gati, tukiwa na mwongozaji wenu aliyeshangaa kuliko sisi. Sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, mwenye nyuso tatu, iliyopamba tangazo lenu, sijaiona hadi leo. Mwongozaji huyohuyo ndiye aliyetupeleka Haji Ali maji yakiwa yamejaa, njia ya kuelekea dargah, yaani kaburi la walii, imezama, mama amejitanda mtandio wake tayari kwenda kuomba dua. Mtu wa Dar hafundishwi maji kujaa na kupwa. Kampuni yenu inahitaji kufundishwa. Basi na malipo ya mwongozaji nayo nayadai.

Mji wenyewe sina ugomvi nao. Kituo cha treni cha Chhatrapati Shivaji Maharaj ningeweza kukitazama kutwa nzima. Na aliyetuokoa usiku ule ni dereva wa teksi ya rangi nyeusi na njano, mzee asiyetujua, aliyetuzungusha hadi barabara ya Mohammed Ali tukapata nyumba ya wageni inayotupokea, na hakuondoka mpaka alipoona tumepewa ufunguo. Yeye hakuwa amelipwa na mtu mapema. Ninyi mlilipwa fedha zote kabla hatujapanda ndege, maana bila hivyo, mlisema, "nafasi haitashikwa".

Nafasi ipi hiyo mliyoishika?

Nirudie, kwa sababu naona barua hii itasomwa harakaharaka. Mama yangu ana kisukari, na niliwajazia hilo kwenye fomu yenu. Alikuwa amekaa juu ya sanduku mbele ya kaunta, watu wanapita wanamtazama. Pasipoti yake ikasukumwa kwa kalamu, kama kitu ambacho mtu hataki kukigusa kwa mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, wametukataa kwa kosa gani?" Sikuwa na jibu. Nikampigia mtu wenu, naye akaniuliza yeye afanyeje! Mama alisikia, simu ilikuwa kwenye spika. Tangu hapo hajataja safari hii mbele ya wajukuu zake.

Kwa hiyo madai ya hoteli na mwongozaji niliyoandika hapo juu nayafuta. Nataka fedha yote ya safari isipokuwa tiketi za ndege, pamoja na nauli ya teksi na malipo ya nyumba ya wageni, ambayo risiti zake nimeambatanisha. Nataka pia barua ya kumwomba radhi mama yangu, iandikwe kwa jina lake na isainiwe na wewe mwenyewe, siyo na kijana wa simu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, lalamiko litakwenda Tume ya Ushindani na wakili wangu ataendelea mahakamani, na huko tutadai pia fidia ya udhalilishaji. Msinipigie kunibembeleza. Jibuni kwa maandishi.

Wako mteja,
mwenye vocha iliyoambatanishwa

Nakala: Wakili wangu