Barua ya wazi kwa mama mdogo, mwalimu wa darasa la awali: anza na sauti, kioo kitafuata

Mama mdogo, shikamoo.

Umeuliza ununue kipi kwanza, projekta au vishikwambi vya watoto. Naomba kwa sasa usinunue chochote kati ya hivyo. Kishikwambi mlichogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022, simu yako ya mkononi na spika ndogo ya kuchaji vinakutosha muhula mzima. Tatizo la madarasa mengi ya awali ni kwamba mwalimu anaanza na video, wakati angeanza na sauti angefika mbali zaidi kwa gharama ndogo. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wenzako wengi wanakwama hapohapo.

Mtoto wa miaka mitano anaanza kusoma kwa masikio. Kabla hajaitambua herufi m ubaoni, lazima asikie kwamba mama, maji na meza yanaanza kwa sauti moja. Kazi hiyo haihitaji picha hata moja. Tena sauti inamfikia mtoto wa nyuma kabisa, kioo hakimfikii. Kioo cha kishikwambi cha inchi 10 kina upana wa sentimita 22 hivi na kimo cha 13. Ukifungua ukurasa wa hadithi, herufi zinakuwa na kimo cha nusu sentimita, na mtoto aliyekaa mita tatu kutoka kwako anaona mistari tu. Hapo ndipo wanapoanza kusogea, kusukumana na kulia, na kipindi kinaishia katika kuwarudisha kwenye mikeka. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali. Kama una 60, hesabu hiyo inakuwa mbaya zaidi.

Basi tuanze na spika. Ya wati 5 hadi 10 inatosha darasa la kawaida. Iweke juu ya stuli, usawa wa masikio ya watoto waliokaa, na chini yake tandika kitambaa ili stuli isivume. Usiiweke kwenye kona ya ukuta: besi inavimba na konsonanti zinamezwa, na wewe unachotaka kisikike ni konsonanti. Usifungue sauti hadi mwisho. Spika ndogo ikifikishwa ukomo inapasua, na s na sh zinakuwa kitu kimoja. Ipime kabla watoto hawajaingia: cheza maneno soka na shoka, simama mstari wa nyuma, fumba macho. Kama wewe unabahatisha, mtoto atabahatisha zaidi. Mvua ikipiga kwenye bati, zima. Hakuna spika ya bei yako itakayoishinda mvua, na kupandisha sauti kunaongeza kelele tu. Siku hiyo tumia kadi za picha.

Kuunganisha kwa bluetooth ni rahisi. Washa spika hadi taa ipepese, ingia Mipangilio kwenye simu, washa bluetooth, subiri jina la spika litokee, liguse. Lisipotokea, mara nyingi spika imeshajiunga na simu nyingine iliyo karibu, labda ya mwanao aliyeitumia jana. Zima bluetooth ya simu hiyo kwanza. Ila kama simu yako ina tundu la waya wa milimita 3.5, mimi ningetumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye wimbo hutaona tofauti, lakini kwenye mchezo ambao mtoto anagusa picha na kusikia jina la picha hiyo, sauti inafika wakati kidole kimeshahamia picha nyingine, na anajifunza jambo ambalo hukulikusudia.

Sasa jambo ambalo ningependa ulifanye kabla ya kupakua chochote cha watu wengine: rekodi sauti yako mwenyewe. Watoto wako wanaizoea, ina lafudhi ya hapo kijijini, na haina muziki unaoifunika. Simu nyingi zinakuja na kinasa sauti. Rekodi alfajiri, kabla ya pikipiki na jogoo wa jirani, ndani ya chumba chenye kitanda na nguo zilizotundikwa, kwa sababu chumba kitupu kinarudisha mwangwi. Shika simu kiasi cha sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, ikae pembeni kidogo ya midomo, la sivyo pumzi ya p na b itapiga kwenye maikrofoni kama upepo. Tamka sauti ya herufi, usitamke jina lake: “mmm”, siyo “emu”. Kisha nyamaza sekunde nne. Ukimya huo ndio somo lenyewe, maana hapo ndipo watoto wanajibu. Rekodi nyingi za watoto zinazosambazwa hazina ukimya wowote. Darasa zima linasikiliza na hakuna anayesema kitu. Dakika moja ya sauti huchukua takribani MB 1, kwa hiyo hata simu iliyojaa haikosi nafasi ya masomo ya mwezi mzima.

Rekodi pia sauti za mazingira, kila moja sekunde tano: mbuzi, kuku, pikipiki, maji yakimiminwa ndooni, mwiko ukisonga ugali, kengele ya shule. Cheza moja, watoto wainue kadi ya picha inayolingana. Wiki inayofuata cheza mbili mfululizo waseme ipi imetangulia. Baadaye tumia maneno badala ya sauti za vitu, na hatimaye silabi. Hatua hizo usiziruke. Mtoto asiyeweza kusema mbuzi alitangulia pikipiki hataweza kusema kwamba ka imetangulia ta katika “kata”.

Kila faili lipe jina linaloeleweka, lianzie na namba: 01 irabu a, 02 irabu e, na kuendelea. Majina yanayowekwa na simu ni tarehe na saa tu, na huwezi kutafuta wimbo huku watoto wamesimama wanakusubiri.

Darasa likishazoea kusikiliza na kujibu, ndipo kioo kina nafasi. Gawa watoto: kikundi cha sita hadi wanane kikae nawe mkekani mbele ya kishikwambi, wengine wawe kwenye kona za kujifunzia na kazi wanazozijua. Neno “wanazozijua” ni la lazima. Ukiwapa kona kazi mpya siku hiyohiyo unayofungua kishikwambi, utaitwa kila dakika. Dakika kumi kwa kikundi zinatosha. Usizungushe vikundi vyote siku moja. Viwili kwa siku, na wiki inakamilika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri watoto wa miaka mitatu na minne wasizidi saa moja kwa siku wakiwa wamekaa mbele ya kioo, na pungufu ni bora. Kumbuka wengine wanatoka nyumbani ambako televisheni haizimwi, kwa hiyo dakika zako zisiwe nyingi.

Hadithi zipo za bure na kwa Kiswahili. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, una programu ya kusomea ambayo ukishapakua kitabu unakisoma bila mtandao, na leseni yake inakuruhusu kuchapisha. Kwa video, katuni ya Akili and Me inatengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, na imekusudiwa watoto wa huku. Chagua kipande cha dakika tatu hadi tano, usichague kipindi kizima. Kionyeshe mara ya kwanza bila kusimamisha. Mara ya pili simamisha sehemu mbili ulizozichagua jana yake na uulize, “Sasa atafanya nini?” Mara ya tatu zima sauti, wao ndio wasimulie. Hiyo mara ya tatu nakuomba usiiache. Hapo utajua nani ameelewa na nani alikuwa anafuata rangi.

Nyimbo za kuhesabu zina mtego wake. Mtoto anaimba moja hadi kumi bila kukosea, mzazi anafurahi, lakini ukimpa vizibo saba anahesabu hadi tisa kwa sababu kinywa kinakwenda kuliko kidole. Wimbo umemfundisha mfuatano wa maneno tu. Kwa hiyo kila wimbo wa namba uende na vizibo, mawe au mbegu mkononi: neno moja, kizibo kimoja kinahamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kama wimbo unakwenda kasi kuliko vidole, rekodi wako wa polepole.

Vitu viwili vitakuharibia kipindi kuliko vyote: simu kuita, na video inayofuata kujicheza yenyewe. Kabla ya kipindi washa Hali ya ndegeni, halafu uwashe tena bluetooth kama unaitumia. Pakua kila kitu jioni yake na ukijaribu mtandao ukiwa umezimwa, maana kuna programu zinazoonyesha picha ya kitabu wakati kitabu chenyewe hakijashuka. Zima kucheza kiotomatiki. Kisha, ndani ya Mipangilio, sehemu ya usalama, tafuta kubandika programu. Ukiiwasha, mtoto akigusa popote hatoki kwenye hadithi kwenda kwenye picha zako za harusi. Weka na namba ya siri ya kuifungulia.

Watoto wakianza kugusa wenyewe, utaona wengine wanagusa na kioo hakiitikii. Mara nyingi kiganja au dole gumba limelala pembeni ya kioo, na kifaa kinasoma miguso miwili. Laza kishikwambi mezani, wafundishe mkono mmoja mgongoni, kidole kimoja mbele. Kugusa ni rahisi, kuburuta ni kugumu. Michezo ya kuburuta isubiri. Mikono ioshwe na ikaushwe, kwani kioo chenye maji kinajigusa chenyewe. Wawili kwa kifaa kimoja ni bora kuliko mmoja: mmoja anagusa, mwenzake anasema aguse wapi, kisha wanabadilishana. Jaribio kubwa la mashindano ya kimataifa ya XPRIZE mkoani Tanga, lililofanyika vijiji takribani 170 hadi mwaka 2019, lilitumia vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa watoto wakubwa kuliko wako, na programu za onebillion na Kitkit School ndizo zilizoshinda. Lakini lile lilibuniwa kwa watoto wajifunze bila mwalimu. Wako wana mwalimu, na mazungumzo yenu ndiyo yanayojenga lugha.

Kama shule ina televisheni, ya inchi 32 ina picha yenye upana wa sentimita 70 hivi na inawafaa watoto walio ndani ya mita mbili na nusu. Usinunue waya wa kutoka simu kwenda HDMI, yaani tundu la picha na sauti la televisheni, kabla ya kujua kama simu yako inatoa picha. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi kupitia tundu la chaji, hata waya uwe mzuri namna gani. Flashi ni salama zaidi: ifomati kwa mfumo unaoitwa FAT32, weka video za MP4, ichomeke. Baadhi ya televisheni haziioni flashi iliyofomatiwa vinginevyo. Projekta inahitaji giza, na darasa la awali linahitaji madirisha wazi. Zile ndogo za bei rahisi zenye namba kubwa za mwanga kwenye boksi hufifia kabisa saa nne asubuhi, hivyo hizo achana nazo.

Ukichapisha kadi za herufi, angalia umbo la a na g. Fonti nyingi za kompyuta zina a yenye kikofia juu, ambayo mtoto haandiki hivyo. Pakua fonti inayoitwa Andika, ya bure kutoka shirika la lugha la SIL, iliyotengenezwa kwa wanaoanza kusoma. A na g zake zinafanana na za ubaoni.

Kamera itumie kutunza kazi inayofutika: neno lililoandikwa mchangani, mnara wa vizibo, mafungu ya mbegu. Piga mkono na kazi, acha sura. Picha ya mtoto ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na usiweke picha hizo kwenye status ya WhatsApp hata kama mzazi mwenyewe anaomba. Kwa kundi la wazazi tuma sauti ya nusu dakika yenye wimbo wa leo, ili waurudie jioni. Wasio na simu janja watumie ujumbe wa kawaida wenye maneno matatu ya kumuuliza mtoto.

Kuhusu umeme, benki ya chaji iliyoandikwa mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Nishati hupotea njiani, tegemea mara moja na kidogo. Chaji ofisini usiku au mchana kivulini, kamwe usiache kifaa dirishani chini ya jua. Waya wa ukutani usiwepo darasani watoto wakiwepo.

Wiki hii fanya irabu tano tu, kwa sauti yako. Nitumie faili ya kwanza nisikilize kama pumzi inapiga kwenye maikrofoni, na uniambie simu yako ina tundu la waya au haina, nijue nikutumie waya gani kwa basi la Ijumaa.

Mwanao