Nyumba ya picha ianze na stoo

Ndugu Mhariri,

Aperture, shirika la Marekani lisilo la faida linalochapisha vitabu na jarida la upigaji picha, lilianzishwa mwaka 1952. Ansel Adams, Dorothea Lange na Minor White walikuwa miongoni mwa waasisi. Zaidi ya miaka 70 baadaye limepata makao ya kudumu, Columbus Avenue, New York. Mpenzi wa picha aliyeko Kampala akisikia hivyo, lazima aulize: na sisi je? Ni swali la haki. Wenzetu wa 32° East, shirika la sanaa la hapa Kampala, wameshajenga kituo chao Kabalagala, hivyo asije mtu akatuambia haiwezekani.

Shida yetu iko kwenye michoro. Nyumba za namna hii huchorwa kuanzia ukumbi wa vioo unaotazama barabara, halafu duka la vitabu, halafu meza za kahawa. Negativu, yaani filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwake, hutupiwa chini ya ngazi. Sisi tunaohifadhi na kuchapa picha tunaomba mchoro uanzie huko chini ya ngazi.

Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, Kitante, yalionyesha picha za enzi ya Idi Amin kutoka kwenye hazina ya UBC, shirika la utangazaji la Uganda, yenye negativu takriban 70,000. Nyingi hazikuwa zimewahi kuchapwa. Hesabu ya hazina ya ukubwa huo ni hii: negativu moja nyeusi na nyeupe ya milimita 35, ikiskaniwa kwa dpi 4000 (nukta 4000 kwa kila inchi) na biti 16, hutoa faili la takriban MB 43. Zidisha mara 70,000, unapata terabaiti (TB) 3. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya jengo, kwa hiyo ni TB 9. Timu ikimudu negativu 200 kwa siku, ni siku 350 za kazi. Hapo bado hujalipa mtu wa kuandika nani yuko kwenye picha, na picha isiyo na maelezo ni karatasi tu.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65, kuvu huota kwenye jelatini, tabaka linalobeba picha, na mvua za Machi hadi Mei hutufikisha hapo bila taabu. Stoo inatakiwa ikae kati ya asilimia 30 na 50. Wengi hukimbilia kununua kiyoyozi kikubwa. Umeme ukikatika, au yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha Ijumaa jioni, hewa ya nje yenye joto na unyevu huingia, hukutana na negativu za baridi, na maji hutanda juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Asiye na jenereta ya uhakika ni heri aache ubaridi, ashughulikie ukavu: mashine ya kukausha hewa, pamoja na makasha ya plastiki ya polipropilini yenye mpira kwenye kifuniko na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ndani. Ile ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Ioke kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kisha irudishe. Plastiki ya PVC isiingie kabisa.

Kasha la kubana lina mwiko mmoja. Filamu za asetati, aina ya plastiki, zikianza kuoza hunuka siki. Kitako cha filamu, yaani plastiki yenyewe, husinyaa lakini jelatini haisinyai, basi uso wake hujikunja kama ngozi ya mkono uliolowekwa majini. Asidi inayotoka huharakisha uozo wenyewe na kuambukiza majirani. Filamu inayonuka itengwe, ipate hewa, na iskaniwe mwanzo kabla ya zote.

Watu wataleta pia picha za sebuleni zilizogandana na kioo cha fremu. Zisibanduliwe! Jelatini ililainika kwa unyevu ikanata, na ukivuta, uso wa bibi utabaki kwenye kioo. Piga picha kupitia kioo hichohicho, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45. Zilizonata kwenye albamu zenye gundi hulegezwa kwa uzi wa kusafishia meno, ukipitishwa polepole kama msumeno.

Ukumbi nao usielekee mashariki wala magharibi. Kampala iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni hupiga moja kwa moja kwenye kuta hizo. Picha za rangi zinapoonyeshwa hazitakiwi kupigwa na mwanga unaozidi laksi 50. Jua la mchana hufika makumi ya maelfu.

Vitabu navyo vina uzito, na wachapishaji husahau. Nakala 1,500 za kitabu cha kilo moja na nusu ni kilo 2,250. Ukizipanga kwenye eneo la mita 2 kwa 2, kila mita ya mraba inabeba kilo 560 na zaidi, ilhali sakafu ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 250 hivi. Ziwekwe ghorofa ya chini, rafu zianzie sentimita 15 juu ya sakafu, zisigusane na ukuta wa nje.

Kuhusu ardhi, tuseme kwa kifupi: hati iwe kwa jina la shirika, isiwe la mkurugenzi, kwenye mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu) ihakikishwe hakuna wenye bibanja, yaani wakaaji wenye haki juu ya viwanja vyao, ambao hawajakubaliana, na lizi (ukodishaji wa ardhi) ya miaka mitano ya mwanzo isiitwe makao ya kudumu.

La mwisho ni zege. Hukauka kwa kasi ya takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo sakafu ya sentimita 15 inahitaji kama miezi sita, na muda wote huo inapumua maji ndani ya chumba. Mgeni rasmi aje akate utepe siku yoyote mtakayo. Masanduku ya negativu yabaki yalipo hadi kipima unyevu cha stoo kisome chini ya 50 kwa wiki nne mfululizo, mbili kati yake zikiwa za mvua.

Wahifadhi na wachapaji wa picha,
Kampala