Kabla ya kuchagua muuzaji wa mafuta ya joto

Lewiston, Maine, Marekani
Agosti

Mdogo wangu Zawadi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima.

Rasimu ya mkataba wa nyumba imenifikia na nimeisoma yote. Joto halimo kwenye kodi, mafuta ya kupasha nyumba ni juu ya mpangaji. Kwa hiyo swali lako la mtanunua kwa nani inabidi tulimalize sasa, maana mnaingia Oktoba, na mwezi huo wauzaji wazuri wameshaanza kukataa wateja wapya au kuwapanga foleni.

Tangi lenu liko kwenye chumba cha chini ya nyumba, ni la galoni 275, yaani kama lita 1,040. Halijazwi hadi juu kabisa, kwa hiyo hesabu galoni 250 za kutumia. Juu ya tangi kuna kikombe cha plastiki chenye kijiti kinachopanda na kushuka na mafuta. Kikifika robo, agiza siku hiyohiyo. Wiki ya baridi kali nyumba kama hiyo inaweza kuchoma galoni 5 au zaidi kwa siku, na dhoruba ya theluji ikipiga, magari ya mafuta hayatoki. Afadhali tangi liko ndani. Lingekuwa nje mngelazimika kununua mafuta ya taa, ambayo ni ghali zaidi, kwa kuwa haya ya kawaida huganda na kuziba mrija baridi ikizidi.

Sasa muuzaji. Ofisi ya nishati ya jimbo hutangaza wastani wa bei mara kwa mara, na huo ndio uwe kipimo chenu. Aliye chini sana ya wastani kwa kawaida analeta mafuta tu. Hana fundi wala simu ya usiku. Huyo anamfaa mtu anayelijua boila lake, yaani mtambo unaochoma mafuta na kupasha nyumba, na mwenye fundi wake pembeni. Ninyi mnaingia baridi ya kwanza na watoto wadogo, simshauri. Tofauti ya senti 20 kwa galoni, ukinunua galoni 150, ni dola 30. Fundi wa kuitwa usiku wa Jumapili hatakuja kwa pesa hiyo.

Ukipiga simu, muulize kiasi cha chini anachokubali kuleta (wengi ni galoni 100, na ukitaka pungufu wanaongeza ada). Muulize kama bei ni ya siku ya kuagiza au ya siku ya kuletewa, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Muulize anachukua siku ngapi kufika mwezi wa Januari, si mwezi huu wa Agosti. Muulize anatoza nini akiitwa usiku, na kama mafundi ni wake na wana leseni ya bodi ya mafuta ya Maine, Maine Fuel Board. Muuzaji mwaminifu anayajibu haya bila kusita na anakubali kuyaandika. Anayekwambia "usijali, tutaelewana," mwache.

Kuna utaratibu wa kuletewa bila kuagiza. Kampuni inapiga hesabu kwa baridi ya kila siku na historia ya nyumba, inakadiria mafuta yaliyobaki, inaleta yenyewe. Kwa mwaka wa kwanza ningechukua huo, hasa kwa kuwa kampuni nyingi zinawatanguliza wateja hao usiku wa dharura. Ubaya wake ni kwamba bili ya galoni 150 inaweza kuangukia wiki msiyo na pesa, basi ombeni mpango wa kulipa kidogokidogo kila mwezi. Na waambieni mkiongeza chumba cha kupasha au mkipunguza, la sivyo hesabu yao inapotea na tangi linakauka.

Kuhusu kulipa msimu mzima mapema: sheria ya Maine inamtaka muuzaji anayepokea pesa hizo awe na dhamana, ama mafuta aliyokwisha kujihakikishia kwa wauzaji wa jumla, ama dhamana ya fedha. Omba mkataba wa maandishi unaotaja idadi ya galoni, bei, tarehe ya mwisho na namna ya kurudishiwa pesa zisizotumika. Bila karatasi hiyo, usitoe hata senti.

Siku ya mafuta, mtu mzima awepo nyumbani. Nje ya ukuta kuna mabomba mawili, moja la kujazia, jingine la kutolea hewa. Mafuta yanapoingia, hewa inatoka ikipiga filimbi, na filimbi ikinyamaza, tangi limejaa. Dereva mzuri anasikiliza filimbi hiyo, na asipoisikia mwanzoni anasimamisha pampu. Anayeendelea kusukuma mafuta bila filimbi anaweza kuyamwaga sakafuni, na harufu yake haitoki nyumbani kwa miezi. Kabla ya kuanza, mita ya gari isome sifuri. Baada ya kumaliza mnapewa risiti iliyochapwa na mita yenyewe, siyo ya kuandikwa kwa kalamu. Linganisheni na kijiti: tangi lililokuwa robo haliwezi kupokea galoni 200. Mkiona hivyo, pigeni picha kijiti na risiti, mpigie ofisi ya muuzaji siku hiyo.

Mafuta yakiisha kabisa, hewa na tope la chini ya tangi huingia kwenye mrija, na boila haliwaki mpaka fundi atoe hewa na kubadilisha chujio. Kitufe chekundu cha kuwashia tena kibonyezwe mara moja tu. Kila mnapokibonyeza mafuta yanajikusanya kwenye chumba cha moto, na yakishika moto yote kwa pamoja ni hatari. Dharura ikiwapata usiku, galoni 5 za dizeli kutoka kituo cha mafuta zinawafikisha asubuhi. Petroli kamwe.

Jambo la mwisho ni msaada wa serikali wa joto, HEAP. Kipato chenu kikiangukia kwenye kiwango, msaada hulipwa moja kwa moja kwa muuzaji, lakini lazima awe amesajiliwa kwenye mpango. Muulizeni hilo kabla ya kusaini chochote. Miadi ya maombi hujaa mapema, kwa hiyo nitawawekea yenu wiki mnayofika. Nitumieni nakala za vitambulisho vya nyote na barua ya kazi ya shemeji ikitoka.

Mpe mama shikamoo yangu.

Dada yako