Mwembe uliopandwa Mei, ukakauka Julai

Kila Julai simu tunazopokea hapa kitaluni Mwanza zinafanana: "Mche mliotuuzia umekauka." Tunafika, tunaushika shina, tunauvuta taratibu. Unatoka na donge lake zima, umbo lilelile la kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kitaluni. Miezi miwili ardhini, na mizizi haijavuka nje hata kidole kimoja.

Watu husingizia jua, au mkono mbaya wa aliyepanda. Kwa miche tuliyoing'oa Buswelu, Nyegezi na Buhongwa, mara nyingi kosa tumelikuta shimoni, la siku ile ile ya kupanda.

Hadi leo tunakuta miche iliyofukiwa na nailoni yake, imechanwa kidogo tu chini. Chana yote, itoe. Kisha itazame mizizi. Ikiwa imelizunguka donge kama kamba, inyooshe kwa vidole, na ile iliyokakamaa ikate. Ukiiacha itaendelea kuzunguka palepale, na mti unaweza kuja kuangushwa na upepo wa ziwani ukiwa tayari mkubwa, jambo linalouma zaidi kuliko mche kufa.

Shimo la futi mbili kwa mbili linatosha. Lakini mche usizame humo: pale mizizi ya kwanza inapoanzia pawe sawa na uso wa ardhi. Ukiwa mwembe au mparachichi wa kubebeshwa, yaani kikonyo chake kimeungwa juu ya shina la mche mwingine, kovu la kubebeshea libaki juu ya udongo. Samadi iwe imeoza kabisa, maana mbichi huunguza mizizi.

Halafu kuna mambo ya Mwanza yetu. Kwenye miteremko ya Isamilo au Capri Point sururu hugonga mwamba mapema, na shimo linageuka beseni. Lijaze maji jioni kabla ya kupanda. Ukiyakuta asubuhi bado yapo, sogea pembeni. Kwenye viwanja vipya adui ni fundi ujenzi, ambaye akimaliza nyumba hufukia vifusi vya zege na saruji palepale unapotaka kivuli. Vitoe vyote, hata kama kijana wa kuchimba atanuna.

Sasa maji, ambapo ndipo tunapobishana na wateja. Kopo moja kila jioni linalowesha uso tu, na mizizi inabaki juu kuyafuata. Kiangazi kikifika, hapo juu ndipo panapokauka kwanza. Chukua dumu la lita 20, litoboe tundu dogo chini, liweke karibu na shina, pale donge linapoishia, liachie lidondoke polepole. Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga usioshika maji, fanya hivyo mara mbili au tatu kwa wiki. Kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mzito wa mfinyanzi unaoshikilia maji, chomeka kijiti kwanza: kikitoka na tope, subiri. Tumeona miche mingi ya mbugani ikifa kwa kumwagiliwa kupita kiasi, na majani yake hunyauka sawasawa na ya mche wenye kiu, hivyo mwenyewe huongeza maji.

Tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne, ila zisiguse shina. Mchwa hupenda njia ya kificho. Mbuzi wa jirani anahitaji uzio, hakuna dawa nyingine.

Kuhusu msimu, ukiweza usipande Mei. Panda vuli ikishakolea, Novemba hivi, ili mche upate vuli na masika kabla ya ukame wa Juni. Januari na Februari mvua zikipungua, dumu lifanye kazi.

Tukikupandia sisi, tunarudi baada ya wiki mbili, na tena mwanzoni mwa Juni. Ukipanda mwenyewe, tutumie picha ya shimo na mizizi kwa WhatsApp kabla hujafukia. Hiyo hatutozi.